Imbuga Isiyo Mbuga: Uainishaji wa Visingizio vya Kukaa Mjini Kigali

Msomi wa Kiswahili anayeshuka Kigali mara ya kwanza huanza utafiti wake kwa kosa. Anaambiwa na dereva wa moto, yaani pikipiki ya abiria, kwamba katikati ya mji kuna Imbuga, naye, akiwa ametoka Mwanza kwa basi kupitia Rusumo na kichwa bado kinamzunguka kwa gari kuhamia upande wa kulia wa barabara, anadhani anapelekwa kuona nyati. Mimi nilikosea hivyo hivyo. Imbuga ya Kinyarwanda ni kiwanja cha mbele ya nyumba, pale palipofagiliwa, mgeni anaposimama kabla ya kukaribishwa ndani. Udugu wake uko zaidi kwa uga wetu kuliko kwa mbuga ya Serengeti.

Kosa hilo, hata hivyo, lina manufaa yake kitaaluma. Mwaka 2015 nchi hii ilifanya mambo mawili ambayo wataalamu wameyaacha kwenye majalada tofauti: simba saba waliletwa katika mbuga ya Akagera, na magari yakaondolewa katika mtaa wa KN 4, Nyarugenge. Mbugani waliingizwa wakali, imbugani wakatolewa. Baadaye mtaa ule ukawekewa benchi, miti, njia ya baiskeli na vibanda, ukaitwa Imbuga City Walk, na ndipo nilipokaa Jumamosi sita mfululizo nikiwa na daftari. (Ya mwisho wa mwezi nilianza mchana. Asubuhi yake ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na mtu mwenye mikono miwili na daftari tupu hana maelezo ya kuridhisha.)

Swali la kwanza ni kama mahali pale panastahili kuitwa uwanja wa mji, kwa maana wanayoijua Waitalia. Leon Battista Alberti, aliyeandika juu ya ujenzi katikati ya karne ya 15, alitaka uwanja uwe na urefu mara mbili ya upana wake. Kwa kipimo hicho Imbuga inaanguka mtihani, maana ni ndefu na nyembamba kama khanga iliyoanikwa. Lakini Piazza Ducale ya Vigevano, ambayo watu husafiri mbali kwenda kuipiga picha, ina urefu wa mita 134 na upana wa mita 48, karibu mara tatu, nayo imeanguka vilevile. Kwa hiyo tumwache Alberti apumzike.

Tofauti kubwa iko kwenye namna uwazi wenyewe ulivyopatikana. Ludovico Sforza, mtawala wa Milano, aliupata ule wa Vigevano, kati ya 1492 na 1494, kwa kubomoa nyumba za watu. Papa Pius II alitaka kijiji alichozaliwa kiwe mji wa mfano, na kuanzia 1459 mpaka 1462 akajengewa kanisa, jumba na uwanja, kisha kijiji kikabadilishwa jina kikaitwa Pienza, kwa jina lake mwenyewe. Kigali ilizuia magari tu. Njia zote hizo ni za amri, ila ya Kigali ndiyo pekee ambayo aliyehamishwa angeweza kuegesha mtaa wa pili. Msafiri anayesimama leo chini ya matao ya Vigevano husifu ulinganifu wake, wala haulizi waliobomolewa walihamia wapi. Mimi pia nisingeuliza. Matao yale ni mazuri mno.

Sasa nadharia yenyewe. Uwanja haufanywi na matao wala miti. Unafanywa na watu wanaokaa pale bila kazi, na hakuna binadamu anayekaa mahali pa wazi bila kazi pasipo kujitafutia kisingizio. Mwitalia ana ngazi za kanisa: akikaa pale, huenda anangoja misa. Mzanzibari wa Jaws Corner ana kikombe cha kahawa, na kikombe kile kidogo, kwa jinsi kinavyonywewa, huweza kubeba mjadala mzima wa uchaguzi. Mtu wa Kigali je? Huu ni mji wa vilima, na kila unayekutana naye ama anapanda ama anashuka. Kukaa katikati ya njia si jambo alilorithi kwa babu yake. Au ndivyo nilivyodhani kabla sijamsikiliza mzee mmoja wa mtaa wa Biryogo, ambaye nitamrudia.

Mzee huyo ndiye aliyenirekebisha mbinu. Nilipomwonyesha daftari, na safu zangu za watu zilizochorwa kwa rula, alivuta miwani chini.

"Unapanga watu mafungu, mwanangu?"

"Ni utani wa kisomi tu, mzee wangu."

"Hapa utani huo tulishaufanyiwa na wasomi wenzako. Wakatuandikia mpaka kwenye vitambulisho. Panga kitu kingine."

Niliurarua ukurasa ule mbele yake. Ndiyo sababu uainishaji huu hauhusu watu, unahusu visingizio tu, na mtu mmoja aweza kuvitumia vyote ndani ya saa moja bila kubadilika yeye mwenyewe.

Kisingizio kinachoonekana zaidi ni picha. Vijana huja wawili wawili, mmoja akiwa na kamera ya kukodi au simu iliyosafishwa kwa shati, mwingine akiwa na viatu vyeupe ambavyo ni dhahiri havikupanda moto kutoka stendi ya Nyabugogo, vilibebwa kwenye mfuko wa karatasi. (Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2008, na mtafiti lazima asome ushahidi wote.) Anayepigwa picha hutakiwa atembee kama mtu asiyejua kwamba anapigwa picha. Nilimhesabia kijana mmoja safari kumi na nne za kutojua. Wahitimu wakiwa na majoho huingia kundi hilohilo, na maharusi pia, ingawa bibi harusi huwa na haki ya ziada ya kukalia benchi nzima peke yake na gauni lake. Hakuna anayenung'unika.

Mtoto ni kisingizio kamili, hakihitaji uchambuzi. Mwenye mtoto anayeendesha kibaiskeli aweza kukaa mpaka taa ziwake.

Mgeni wa kutoka Ulaya naye ana chake: anatafuta mji wa kale. Nilimwona mmoja akigeuza ramani huku na kule, kisha akaniuliza mimi, mtu wa Mwanza, kitovu cha kihistoria kiko wapi. Nilimweleza kwamba Kigali ilianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, ambaye nyumba yake sasa ni makumbusho, na kwamba ilifanywa mji mkuu mwaka 1962. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba nimekiri deni. Nami sikuwa na la kumtuliza, mpaka Jumamosi iliyofuata mzee wa Biryogo aliponipa jibu ambalo nilipaswa kumpa mgeni yule.

"Uwanja tulikuwa nao," alisema. "Unaitwa karubanda."

Karubanda lilikuwa eneo la wazi mbele ya makazi ya mwami. Rubanda ni umma, watu wote, na mpaka leo jambo likianikwa hadharani Wanyarwanda husema limewekwa ku karubanda. Hapo mbele ya lango walikaa watu waliokuja guhakwa, yaani kujiweka karibu na mkubwa ili aone uaminifu wao, awakumbuke, pengine awape ng'ombe. Waliweza kukaa siku nyingi. Hawakuwa na tiketi wala miadi. Sanaa yao ilikuwa kuonekana wakingoja. Mfumo huo, ubuhake, ulifutwa na Mwami Mutara III Rudahigwa mwaka 1954, na sina nia ya kuuremba, kwa kuwa siku za mtu zilizoishia langoni kwa mwingine hazikurudi. Nasema tu kwamba ustadi wenyewe wa kungoja haukufutwa kwa amri hiyo.

Maana kisingizio kikuu cha Imbuga, mama wa vyote, ni kungoja mtu. Kina daraja tatu. Kuna anayengoja kweli: huyu hukaa ukingoni mwa benchi, na hutazama upande mmoja tu. Kuna anayengoja mtu ambaye ameshasema kwenye simu "ndi mu nzira", niko njiani, maneno ambayo Kigali hutamkwa na mtu aliye popote, hata bafuni. Huyu hukaa katikati ya benchi, mgongo umeegemea, kwa kuwa amefanya hesabu. Daraja la tatu ni la bingwa. Hakuna anayekuja. Hakuna aliyealikwa. Lakini kila baada ya dakika kumi anatazama saa, anavuta pumzi kidogo, anatikisa kichwa kwa kusikitikia uzembe wa rafiki asiyekuwepo, kisha anaendelea kufurahia jioni yake. Nilimtazama mama mmoja wa makamo akifanya hivyo kwa saa mbili nzima, mkoba magotini, na ningeapa kwamba karubanda wangempa fahali.

Daftari lina pia ukurasa wa wasiokuwepo. Hakuna mwuza kahawa mwenye jiko la mkaa na vikombe vinavyogonganishwa. Hakuna karanga za kwenye koni ya gazeti, wala hindi la kuchoma, wala kijana wa miwani na chaja. Uchuuzi wa mitaani hauruhusiwi Kigali, na kula huku unatembea huonekana ukosefu wa adabu. Usafi wake unatia wivu, nakubali. Ila mtu wa pwani au wa ziwa akikaa pale nusu saa, kidole chake huanza kutafuta ganda la karanga la kubandua.

Sauti nayo ni tatizo. Jumamosi ya nne nilichekeshwa na ujumbe wa simu, nikacheka kama tunavyocheka kwetu, na vichwa vya benchi nne vikageuka. Hawakukasirika. Walitaka kujua kama nahitaji msaada. Mzee anasema Kiswahili hapa bado kinatembea na viatu mkononi: kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, mwaka uleule vifaru weusi waliporudishwa Akagera, na vyote viwili vinaonekana zaidi ukijua pa kwenda. Vifaru sijui, Kiswahili nenda Biryogo, ambako mtaa wenyewe umezuiliwa magari, ukapakwa rangi chini, na meza za chai zimejaa kuanzia alasiri.

Jumamosi ya sita mlinzi wa jengo la jirani, ambaye alikuwa ameniona tano zilizotangulia, alinijia taratibu, mikono nyuma.

"Utegereje nde?" Unamngoja nani?

Daftari nilikuwa nimeshalifunga. Nikamwambia namngoja mzee wangu kutoka Biryogo. Akaitikia kwa kichwa, akabaki amesimama, nami kwa kuwa sikuzoea kusema uongo kwa mtu mwenye adabu, nikatoa simu na kumpigia mzee hapohapo, nikamwomba aje.

"Ndi mu nzira," akasema. Nyuma yake nilisikia kijiko kikizunguka ndani ya glasi, na mtu akiagiza chapati ya pili.

Nikamshukuru, nikasogea katikati ya benchi, nikaegemea.