Wati Elfu Nane na Mvua ya Rungwe

Wauza redio wengi hawajui kwamba huku kwetu Masukulu redio ina mpinzani. Mpinzani huyo hahitaji umeme, hana rimoti, na anapenda kuja alasiri, wakati mpira ndiyo kwanza umeanza. Sehemu kubwa ya wilaya yetu ya Rungwe hupata mvua nyingi kwelikweli, kwingine zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka. Dodoma, katika mwaka wa kawaida, haifiki hata 600. Nyumba zetu tumeziezeka bati, na nyingi hazina dari. Ndiyo maana mtu wa Masukulu anaweza kusikiliza mechi ya Simba na Yanga tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho asijue kashinda nani. Anamsikia mtangazaji akipandisha sauti, akipandisha, akipandisha, kisha bati linaingilia kati. Jirani akiuliza, "Kafunga nani?" jibu la uaminifu ni moja tu: kuna mtu kafunga.

Marehemu baba alikuwa na redio ya National ya betri kubwa, aliyoitumia kusikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Betri zikichoka alizianika juani zipate nguvu kidogo, jambo linalotaka imani kubwa katika wilaya ambayo jua lenyewe hutoka kwa kuombwa. Mvua ikianza alikuwa anaipakata redio na kuilazia shavu. Habari alizipata zote. Sisi wengine tulizipata kesho yake, zikiwa zimepitia kwake, na kila waziri asiyempenda alikuwa amejiuzulu.

Mambo yaliharibika alipokuja shemeji yangu kutoka Dodoma. Aliikuta redio yetu ndogo kabatini, akaitazama kama mtu anayetazama kidonda cha mwenzake. "Shemeji, mwalimu mzima unasikilizia kikopo hiki? Nunua sabufa. Mimi kwangu nikifungua namba kumi tu, mtaa mzima unajua." Mama watoto akaguna. Yeye alikuwa anaomba dari tangu watoto hawajaanza shule, lakini shemeji ni kaka yake, akanyamaza.

Sabufa nikaipata Tukuyu mjini. Boksi lilikuwa limeandikwa wati 8000, kwa tarakimu kubwa kuliko jina la kiwanda. Safari ya kurudi ilikuwa ya bodaboda: wufa katikati yetu, spika ndogo mbili zikining'inia kwenye usukani. Tulipoanza kuteremka mvua ikatukuta kati ya mashamba ya chai, na dereva alikuwa na mfuko mmoja tu wa mbolea. Akaniuliza, "Mwalimu, nikufunike wewe au redio?" Sikuona haja ya kulijibu swali kama hilo. Nilifika nyumbani nikiwa chapachapa, sabufa ikiwa kavu, na mama watoto akatupokea wote wawili kwa mtazamo uleule.

Usiku ule hakukunyesha. Lo! Vikombe vya kabatini vilianza kusogea vyenyewe kuelekea ukingoni, picha ya harusi ikageukia ukutani, na kuku waliokuwa wametamia jikoni wakaacha mayai wakatoka nje kufanya kikao. Shemeji alisimama katikati ya sebule amefumba macho, mkono kifuani. Nikalala nikiwa mtu mwenye heshima zake.

Kesho yake mvua ikaja, na taarifa ya habari ikaja. Kilichotufikia ni mtetemo. Tulikaa kwenye benchi la mbao, na habari za taifa tulizipata kwa makalio. Tulihisi kabisa kwamba kuna jambo zito limetokea nchini, ila hatukujua ni wapi. Shemeji aliongeza sauti hadi mwisho, redio ikaanza kukoroma, na mvua haikujali.

Fundi redio wetu ni kijana asiye na haraka. Alipofika hakugusa kitufe chochote. Aliigeuza sabufa, akapangusa vumbi, akasema, "Mwalimu, mbele pameandikwa na mtu wa matangazo. Soma nyuma." Nyuma kulikuwa na kibandiko kidogo kama stempu: wati 60. Hizo ndizo wati zote ambazo chombo kizima kinakula. Akanifanyia hesabu ambayo mimi ndiye niliyepaswa kuifanya darasani. Umeme wa ukutani ni volti 230, na soketi zetu za pini tatu zina mwisho wa ampea 13. Zidisha: haifiki hata wati 3000. Redio ya wati 8000 za kweli ingehitaji kama ampea 35, na kabla haijaimba ubeti wa kwanza ingekuwa imetuzimia taa. Ile elfu nane ni namba ya mlipuko wa kufikirika, wa kupepesa jicho, ikijumlisha na spika ambazo hazimo.

"Basi nitafute yenye wati 120," nikasema.

Akacheka kwa upole, akaeleza kwamba ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio hukitambua likiwa limetulia na kuambiwa kitambue. Ili mtu aone sauti imekuwa kubwa maradufu, inatakiwa kama mara kumi ya wati. Kutoka 60 niende 600. Na hata hapo besi isingenisaidia. Wufa inashughulika na milio ya chini, chini ya hezi 200 hivi. Sauti za s, t, k na ch, ambazo ndizo zinazofanya neno lieleweke, ziko juu, kuanzia kama hezi 2000, na hukohuko juu ndiko bati lenye mvua linakopigia kelele zake. Nilielewa hapo kwa nini tarumbeta hustawi huku. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na hadi leo bendi zao zikipuliza hata masika yanasikiliza. Shaba ile haina kibandiko nyuma.

Shemeji hakukubali kushindwa na karatasi. Akaagiza ampilifaya ya mtumba na spika mbili kubwa za mbao, zikaletwa kwa gari la ndizi. Akaunga waya mwenyewe, kwa kanuni kwamba waya ni waya. Hapo tukapata muujiza wa kinyume: kila spika ikiimba peke yake inanguruma, zikiimba pamoja besi inatoweka kabisa, unabaki na kinanda na mwimbaji mwenye mafua. Shemeji akasema ni unyevu wa Rungwe. Mimi nikawashuku panya, kwa sababu spika moja ilikuwa na tundu la hewa mbele, na ndani ya tundu hilo tulikuta kiota cha pamba, nusu ya soksi ya mtoto na punje za mahindi. Tulimhamisha mwenye nyumba. Besi haikurudi.

Fundi akaja tena, safari hii na betri ya tochi. Alizigusisha nyaya mbili kwenye betri ile ya volti 1.5: karatasi ya spika ya kwanza ikasukumwa nje. Akagusisha vilevile kwenye ya pili: ikazama ndani. Chanya na hasi zilikuwa zimepishana, kwa hiyo spika moja ilipoisukuma hewa nyenzake iliivuta. Akabadilisha nyaya za upande mmoja, na mdundo ukarudi, na kuku wakatoka nje.

Kisha akasema maneno ambayo nilitamani ayasemee barabarani: "Vyombo havina kosa, mwalimu. Hapa panataka dari."

Mama watoto alikuwa jikoni akimenya ndizi. Kisu kikasimama. Alitoka akamwambia, "Fundi, hebu rudia, kaka yangu hakusikia vizuri." Fundi akarudia. Shemeji akakumbuka kwamba likizo yake imekwisha. Akaondoka na mkungu wa ndizi, akituachia ampilifaya pamoja na deni lake. Dari ilipigwa kabla ya masika, kwa fedha ambazo nilikuwa nimezitengea wati mia sita.

Sasa mvua inanyesha mbali, juu huko, na ile redio ndogo inatosha kwa habari. Mwanangu ndiye aliyebaki na ile sabufa ya Tukuyu, anaiunganisha na simu yake kwa blututhi. Tatizo ni kwamba jirani yetu, mzee wa kanisa, naye alinunua ya aina hiyohiyo. Zina jina moja, haziulizi namba ya siri, na nyumba zetu zimetenganishwa na mstari mmoja wa migomba.

Alhamisi moja jioni mzee akabisha hodi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Wewe una uzoefu na hivi vyombo. Ile redio yangu tumeifungulia kwaya, tuko kwenye maombi, imeingia singeli yenyewe. Tumeikemea haisikii."

Mwanangu alikuwa ghafla anasoma daftari la hisabati. Niliichukua simu yake nikaizima, nikaitia mfukoni, nikabeba na betri ya tochi. Kwa mzee jumuiya nzima ilikuwa imesimama mbali na redio. Nikagusisha betri kwenye nyaya za wufa, karatasi ikachomoza, wakasogea kutazama. Nikawaeleza kwamba chanya na hasi zilikuwa zimepishana.

"Nilijua," mzee akasema akiwageukia wenzake. "Niliwaambia humu kuna uhasi. Ndaga fijo, mwalimu."

Wakanipa mkungu wa ndizi mzito kweli. Nilimwita mwanangu aje aubebe.