Naomba Kusajiliwa Kuwa Mkutano wa Hadhara

Mlolongo, Septemba 2021

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Kufunga na Kufungua Nchi,

Salamu nyingi kutoka kwa raia wenu mtiifu, anayewaandikia mchana kwa kuwa usiku ni wenu.

Kwanza, asanteni. Tangu Machi 2020 mmetulea kama mama anayemwachisha mtoto ziwa: leo kidogo, kesho kidogo, keshokutwa hapana. Kafyu ya korona ilianza saa moja jioni, ikasogea saa tatu, ikafika saa tano, ikarudi saa nne, ikashuka saa mbili, ikapanda tena saa nne. Saa yangu ya mkononi iliharibika mwaka jana na sikuona haja ya kuitengeneza. Natumia hotuba zenu.

Mimi ni mhudumu wa hoteli moja ya mjini Nairobi. Mliagiza hoteli zifungwe saa moja jioni, nasi tunafunga. Masufuria, ufagio na hesabu za siku hunifikisha saa mbili. Steji nasubiri gari, na gari likipatikana linaingia Mombasa Road, mle chini ya nguzo za barabara ya juu inayojengwa, na humo linakaa. Mtaa wangu uliitwa Mlolongo kwa ajili ya malori yaliyokuwa yakipanga foleni kwenye mizani. Siku hizi jina hilo linatutosha na sisi abiria. Saa nne inatukuta ndani ya matatu, tukiitazama ikiingia kama kondakta. Dereva akiona taa za kizuizi mbele anatushusha na kugeuza. Kilomita ya mwisho ni yangu na miguu yangu.

Jumamosi iliyopita nilikalishwa ukingoni mwa barabara, chapati zangu mbili zikiwa zimefungwa kwenye karatasi mapajani.

"Wewe, unaenda wapi peke yako usiku huu?" afande akaniuliza.

Sijafungua mdomo, msafara ukatokea. Nilihesabu magari 11. La mbele lilikuwa na vipaza sauti juu ya paa, na bado vilikuwa vinaimba. Vijana walining'inia milangoni, barakoa zikiwa kidevuni kwa wale waliokuwa nazo. Wote walikuwa wanatoka kusikiliza ahadi za uchaguzi wa 2022. Afande aliburuta chuma chake cha misumari pembeni, akasimama wima, akapiga saluti. Kutoka gari la nane mtu alinirushia fulana. Vumbi lilipotulia, misumari ikarudi mahali pake na afande akarudi kwangu.

"Nilikuwa nimekuuliza nini?"

Waheshimiwa, alikuwa ameniuliza naenda wapi peke yangu. Nimelitafakari swali hilo hadi nikalijua kosa langu. Kumbe ni uchache! Watu 500 wakivunja sheria usiku wanapigiwa saluti. Mmoja akichelewa gari, anakalishwa chini kwenye umande.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima na taadhima, nisajiliwe kuwa mkutano wa hadhara.

Sitawasumbua. Mkutano wangu utakuwa na mtu mmoja, yaani mwenyekiti, msemaji mkuu, mgeni wa heshima na umati. Ratiba itakuwa hivi: saa mbili natoka kazini, nafungua kwa maombi. Saa tatu, nikiwa kwenye foleni ya steji, namkaribisha mgeni wa heshima, ambaye atachelewa kidogo kama ilivyo desturi. Ndani ya matatu nitahutubia kwa sauti ya chini nisiwaamshe abiria. Nitajiuliza, "Tuko pamoja?" Nitajijibu, "Tuko!" Nitajiahidi maji ya bomba, barabara ya lami na kazi kwa vijana, kisha nitajipigia makofi bila kuuliza pesa zitatoka wapi.

Umati wangu utalipwa vizuri. Nitatoa shilingi 200 mfuko wa kushoto na kuzitia mfuko wa kulia, na kama kuna wa kulalamika kwamba alipunjwa, nitamjua. Fulana ninayo tayari, ile ya gari la nane. Inanibana kwapani, lakini chama ni chama. Kwa upande wa afya, huu utakuwa mkutano wa kwanza nchini kutimiza kanuni zenu zote: hakuna atakayekaribiana na mwenzake, barakoa itafunika pua, na mgeni wa heshima hatamkumbatia mtu.

Nikifika kizuizini nitainua mkono na kupaza kaulimbiu. Afande ataburuta misumari. Sidai saluti kamili. Akigusa kofia tu, mimi nitaelewa. Kama kuna ada ya usajili, tafadhali ikateni katika vile vitu vidogo nilivyokwisha kuacha pale barabarani, kisha mnirudishie chenji. Na endapo nitafarakana nami njiani, kama ilivyo kawaida ya vyama vyetu, nitawaandikia tena mtusajili wote wawili.

Mengine ni madogo. Naomba kile kipimajoto cha mlangoni mwa duka kirekebishwe: kila siku kinanisoma nyuzi 32, ambazo ni za maiti, na bawabu ananiambia "pita, uko sawa." Naomba jerikeni ya kunawia mikono pale steji iwekwe maji, au iondolewe tusiendelee kuinamia kitu kikavu. Naomba mwulize nauli iko wapi. Ilipanda pale matatu ya watu 14 ilipoamriwa kubeba wanane. Tangu Agosti tumerudi kubanwa 14, nayo haijarudi. Na siku mtakapoandika historia ya janga hili, msiisahau soseji. Mliposema bia isiuzwe bila chakula, mimi mwenyewe nilibeba soseji moja katika sahani moja kwenye meza sita, siku nne mfululizo. Haikuliwa na mtu. Kama kuna nishani ya utumishi, apewe yeye.

Nacheka, Waheshimiwa, lakini kuna mahali kicheko kinanikauka. Tarehe 1 Juni mliwakusanya watu Kisumu kusherehekea Madaraka. Wiki tatu hazijaisha, mkazifungia kaunti 13 za upande huo kuanzia saa moja jioni, Kisumu ikiwemo, mkasema ugonjwa umeenea. Mwisho wa Julai mlipiga marufuku mikutano yote ya hadhara nchini. Wino haujakauka, wanasiasa wakawa tena juu ya paa za magari.

Na mimi nakumbuka Juni 2020. Mazishi yalikuwa ya watu 15. Shangazi yangu, aliyenilipia karo hadi kidato cha nne, alizikwa na watu 15 waliohesabiwa kwa kidole getini. Wa kumi na sita alikuwa mdogo wake. Alisimama nje ya ua hadi udongo ulipomaliza kuanguka. Mimi sikuwa hata wa kumi na saba. Nairobi na viunga vyake ilikuwa imefungwa tangu Aprili, Mlolongo ukiwemo. Nilimzika kwa simu, na salio likaisha kabla ya dua. Sikulalamika. Nilisema ni ugonjwa, sote tunaumia. Kumbe hatukuwa sote.

Na usiku wa tarehe 30 Machi 2020, kafyu ikiwa na siku tatu tu, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko, polisi walipokuwa wakiwafukuza watu barabarani. Alikuwa nyumbani, mahali mlipotuambia tukae.

Mniwie radhi. Nimekiuka adabu ya barua.

Nisije nikaeleweka vibaya: barakoa siipingi, na chanjo nimepanga foleni nikachomwa. Ninajua ugonjwa upo kwa sababu nimewahudumia wateja ambao sasa hawaji tena. Sheria ngumu naiweza, mradi inaniuma mimi na inamuuma aliye ndani ya gari la nane. Hii yenu inajua kusoma namba za magari. Ikiona msafara inasogea pembeni, ikiona miguu inaniuliza naenda wapi.

Basi nasubiri cheti changu cha usajili. Kikichelewa sitashangaa. Mtanikuta palepale ukingoni mwa barabara, kwa kuwa Jumamosi ile afande hakuniachilia. Wale wa magari 11 walilala kwao. Mimi nilifungua mlango wangu saa kumi na dakika ishirini alfajiri, kafyu ilipokwisha, na chapati zilikuwa zimekauka. Saa kumi na mbili nilikuwa steji tena.

Ni mimi wenu mtiifu,

Mkutano wa Mtu Mmoja