Usiguse Kioo cha Nyuma Kushoto

Muulize mkazi yeyote wa Dar es Salaam mwenye gari la Kijapani la zamani kama gari lake linamsumbua. Atakuapia kuwa halijawahi kumsumbua. Ataapa hivyo huku akiingilia mlango wa abiria, kwa sababu ule wa dereva umegoma kufunguka tangu mwaka juzi. Akishaketi atazungusha ufunguo, injini itaitika mara moja, naye atakugeukia akuone kama umesikia.

Wala hasemi uongo. Katika hesabu zake, kusumbua maana yake ni kulala njiani. Hayo mengine, kitasa, kioo, taa ya ndani inayowaka kila ukikata kona ya kulia, ni tabia tu, na tabia ya mtu wa nyumbani haihesabiwi kuwa ugonjwa.

Langu sitalitaja jina, maana lina ndugu wengi mjini na sitaki wakose wanunuzi. Ni gari la familia, milango ya nyuma ni ya kuteleza, namba B. Msomaji wa Dar hapo ameshanipima. Sisi huku hatuulizi gari ni la mwaka gani. Tunatazama herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho kwenye kibao cha namba. Mwenye E anafunguliwa geti kabla hajapiga honi. Mwenye D anasalimiwa. Mwenye C anapewa pole na majukumu. Mwenye B anaulizwa kama amekuja kuchukua vyuma chakavu. Cha kuchekesha ni kwamba herufi inaonyesha gari lilisajiliwa lini hapa nchini, si lilitoka kiwandani lini. Ziko E zinazotamba Mikocheni ambazo ni rika moja kabisa na langu, ila zenyewe zilichelewa meli.

Mgeni akipanda, mke wangu humsomea masharti kama mhudumu wa ndege kabla ya kuruka. Mlango wa kulia uvute taratibu mpaka useme "ta", kisha umalizie kwa nyonga. Mkanda wa katikati unafunga vizuri sana. Kuufungua ni lazima utumie ufunguo wa nyumba. Kiti cha mbele ukikirudisha nyuma hakirudi mbele mpaka dereva afunge breki za ghafla, kwa hiyo subiri tufike kwenye matuta. Na tafadhali, usiguse kioo cha nyuma kushoto. Watoto wetu wamekulia ndani ya masharti hayo na wanadhani ndivyo magari yote yalivyo. Siku binti yetu alipopanda teksi mpya, aliukandamiza mlango kwa nyonga kwa nguvu zake zote, dereva akageuka kumuuliza ana ugomvi gani na gari la watu.

Kule lilikotoka halikulelewa hivi. Japani gari jipya dogo hupelekwa kwenye ukaguzi wa lazima, wenyewe wanauita shaken, likifikisha miaka 3, na baada ya hapo kila miaka 2. Ukaguzi huo una gharama, na gari la petroli likivuka miaka 13 kodi yake ya mwaka inapanda. Basi Mjapani anapiga hesabu zake kwa utulivu, anaona bora anunue jipya, na gari ambalo injini yake haijaanza hata kuchoka linapakiwa melini. Wao wanaendesha kushoto, sisi tunaendesha kushoto, usukani uko upande uleule, basi undugu umekamilika. Kenya hawapokei lililozidi miaka 8. Tanzania tunampokea mzee bila kinyongo, kisha tunamtoza ushuru wa uchakavu.

Langu lilishuka bandarini na karatasi ndogo ya Kijapani ya kubadilisha oili kwenye fremu ya mlango, na stika ya maegesho kwenye kioo cha nyuma. Vyote viwili viko palepale mpaka leo. Jirani yangu hajatoa hata nailoni za viti. Wageni wake wanashuka migongo imelowa, lakini wanashuka wakijua kwamba gari limetoka Japani moja kwa moja.

Halafu kuna yule mama wa ndani ya dashibodi. Kila asubuhi ukiwasha gari anasema sentensi yake moja ya Kijapani, kwa adabu ya hali ya juu, kisha ananyamaza. Kwa miaka mingi familia ilikuwa na maoni tofauti. Mama yangu mzazi alishikilia kwamba ni salamu, na alikuwa akimwitikia "marahaba". Fundi alisema anadai oili. Baadaye nikapata kujua kwamba anachosema ni kuwa kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Kule barabara kuu zao ni za kulipia, na kifaa kilichofungwa kwenye gari kinasoma kadi ukipita getini bila kusimama. Maskini mama wa watu, amedai kadi hiyo Mbagala, amedai Gongo la Mboto, amedai kwenye vumbi la Goba ambako barabara yenyewe haikuwepo, achilia mbali geti. Mahali pekee alipowahi kuwa na hoja ni kwenye daraja la Kigamboni, ambako kweli magari yanalipia. Tulifika kwenye kibanda, nikawasha gari upya baada ya foleni, naye akaisema sentensi yake palepale. Watoto walimpigia makofi.

Redio nayo ina uraia wake. Masafa ya FM ya Japani yanaanzia 76, na redio za magari ya umri huu zinaishia 90, wakati vituo vyetu vingi viko juu ya hapo. Dawa yake ni kidude kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena. Nilifunga kimoja. Sasa napata vituo vyote viwili vya dini kwa wakati mmoja, mahubiri na mawaidha yakipokezana katikati ya sentensi, na kusema kweli wanakubaliana kuliko nilivyotegemea.

Kijiweni kwetu mjadala wa magari haya haufungwi. Kuna anayeapa kwa injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1,500 iliyomo kwenye IST, Raum na Probox, kwa sababu inazungushwa na cheni badala ya mkanda wa kubadilisha kila baada ya kilomita kadhaa. Kuna anayeikumbuka Corolla ya baba yake iliyompeleka shuleni, ikampeleka chuoni, na sasa inampeleka mdogo wake. Neno D-4 likitajwa watu wanashusha sauti, maana injini zile za kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda zinataka mafuta safi na fundi msomi, na siku zote huvipati vyote viwili. Mimi nina hoja yangu ambayo hawaipendi: nusu ya uimara wa gari la Kijapani haiko kwenye gari. Iko Gerezani na Ilala, kwenye yale maduka yenye shokapu zinazoning'inia mpaka mlangoni, na iko kwa fundi aliye chini ya mwembe Tunduma au Nzega, ambaye hajawahi kuona kitabu cha gari lako lakini amelifungua gari kama lako mara nyingi kuliko aliyelibuni. Gari linaloharibika mahali ambapo spea yake ipo ng'ambo ya barabara halihesabiki kuwa limeharibika. Jirani mwingine ana gari la Kizungu, zuri ajabu, linajua hata kama tairi imepungua upepo. Kila linachokijua linasimama kukitafakari. Limetafakari uani kwake tangu Ramadhani, likisubiri kifaa kutoka Ulaya.

Ila fundi wa chini ya mwembe ana tiba zake. Taa ya injini ilipowaka kwenye dashibodi, rangi ya machungwa, nilimpelekea gari asubuhi. Jioni taa haikuwepo. Nikamsifu, nikamlipa, nikaondoka nikipiga mluzi. Baadaye kidogo fundi mwingine akafungua dashibodi kutafuta waya wa honi na kukuta kitundu cha taa ile kimezibwa kwa gundi nyeusi, kazi safi kabisa, haina hata alama ya kidole. Yule wa pili naye akasikitika, akatikisa kichwa juu ya ufundi wa siku hizi, kisha akang'oa thamostati akaitupa kwenye ndoo. "Hii ya nchi za baridi, bosi. Huku kwetu joto tunalo la kutosha." Kazi ya thamostati ni kuacha injini ipate joto lake linalotakiwa, ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa baridi na inakunywa petroli zaidi. Kitabu cha gari kinataka oili nyepesi ya 5W-30. Wa tatu akamimina nzito, akisema injini ya mzee inataka uji mzito. Rejeta ikawekwa maji ya bomba.

Na injini ikaendelea kuitika mara ya kwanza. Hapo ndipo penye kero yenyewe, kama mnaniruhusu kulalamika. Gari la aina hii halikupi sababu ya kuliacha. Lingezima siku moja barabarani, moshi mweusi, watu wamejaa, ningesema basi, tumeishi vizuri, sasa tuachane. Lakini linaacha kitasa leo, mwakani indiketa, mwaka unaofuata kizuia jua kinakuangukia usoni ukiwa Ubungo, na kila kimoja ni kidogo mno kugombana kwa ajili yake. Mwisho unajikuta ni wewe uliyetengenezwa upya, siyo gari.

Kilichotokea Mikumi kinaelezea zaidi. Tulikuwa tunamrudisha mama mkwe Iringa. Alikaa nyuma kushoto kwa sababu ndipo alipopenda, na mkwe hapangiwi kiti. Masharti alisomewa kwa heshima. Lakini gesi ya AC iliisha zamani, jua la saa saba ni jua, na mama ni mtu mzima, akabonyeza. Kioo kikashuka kwa mlio laini, mpaka chini, kikatulia. Hakipandi hicho mpaka watu wawili wakishike kwa viganja pande zote mbili wakivute juu, huku dereva akibonyeza swichi ya kwake kwa mapigo mafupi.

Tulikuwa ndani ya hifadhi, barabara ile yenye mabango yanayoorodhesha faini ya kila mnyama utakayemgonga. Mbele yetu lori limekwama, foleni imesimama. Kushoto kwetu, juu ya ukingo wa barabara, walikaa nyani. Hawakuwa na haraka. Mkubwa wao alitazama kioo kikishuka kwa makini ya mtu aliyeona gari la namna hii kabla.

"Mkwe, bonyeza!"

"Nimebonyeza, mama!"

"Mbona hakiji?"

"Mama, mkivute na mwenzio, kwa viganja!"

Mke wangu akamrukia mama yake, wakakishika kioo, kikapanda inchi moja, kikashuka mbili. Nyani akashuka, akaja bila papara, akapitisha mkono mrefu, akachukua mfuko wa maandazi miguuni pa mama mkwe. Hakuchukua nazi. Hakuchukua samaki wa kukaanga wa Feri. Maandazi tu, mfuko mzima, akarudi kwa wenzake. Mama mkwe alimtazama kwa muda, akajifunga kanga upya, akasema, "Yule amelelewa vibaya." Kisha kioo kikapanda chenyewe hadi juu bila kuguswa na mtu.

Sikusema kitu mpaka Ruaha Mbuyuni. Mama mkwe naye alikuwa kimya, na ukimya wa mama mkwe ni mzito kuliko mizigo. Mlima Kitonga tulianza kuupanda alasiri, gari limejaa watu, nazi na ndoo. Nilitegemea adhabu yangu iwe pale. Kumbe pembeni ya kona zile yalikuwa yameegeshwa magari makubwa, mapya, boneti wazi, wenyewe wamesimama na chupa za maji wakipungiana mikono. Kulikuwa na namba E. Letu, lisilo na thamostati, lenye oili ya uji na maji ya bomba, lilijikunja kwenye gia ya pili na kupanda polepole bila mshale wa joto kusogea. Kila tulipolipita gari moja, mama mkwe alipunguza kuegemea kiti. Tulipofika juu, upande wa Ilula, alikuwa amekaa wima.

"Mkwe," akasema, "hili gari linauzwa?"

Nikamwambia mama, hili limechoka, angoje tumtafutie jingine. Akasema jingine la nini, yeye ana shamba, ana mahindi ya kupeleka mnadani, na hana haja na kitu kinachosimama mlimani. Kuhusu kioo, kule kwake hakuna nyani. Nikaitazama sura ya mke wangu kwenye kioo cha kati, akatazama dirishani.

Kwa mila zetu, humuuzii mama mkwe gari. Unampa, na unashukuru amepokea. Fundi anakuja Ijumaa kubadilisha bushi na boljointi za mbele, maana mama amepiga simu kuuliza kama zimekaguliwa. Ameagiza pia matairi manne mapya, redio isikike mpaka juu ya 90, na yule mama wa dashibodi asiondolewe, kwa sababu nyumbani kwake anaishi peke yake.