Wavumbuzi wa Gakindu

Mwaka 1849 mmisionari Krapf aliuona Mlima Kenya, na wenyeji waliokuwa wakiuamkia kila siku wakapata kujua kwamba upo. Ndivyo marafiki zangu wa Gakindu, huku Mukurwe-ini, wanavyonivumbulia muziki mpya.

Zamani ilikuwa taabu. Ukimtaka mwimbaji Joseph Kamaru, ungoje santuri ipande gari kutoka River Road, Nairobi, kisha, masikini, usikilize wimbo mzima kabla ya kuupenda. Leo stetasi za WhatsApp zimetuokoa: kionjo hukatika kabla mwimbaji hajafika kwenye jambo lenyewe, na uso wa rafiki, uliojaza kioo kizima, hutukinga tusimwone mpiga gitaa. Binamu wote wakituma wimbo uleule wa mugithi asubuhi moja, huo ni umoja. Kutofautiana tuwaachie wanasiasa. Wapo wanaotuma bila hata kuusikiliza. Huo ndio ukarimu: kumwandalia mgeni chakula usichokionja.

Juzi wimbo “mpya kabisa” ulizunguka Mukurwe-ini yote. Ni wa Kamaru, umerudiwa na kijana mmoja kwa kinanda. Cucu, yaani bibi, mwenye santuri yake kabatini ameshauriwa na mjukuu ajisajili upesi kwenye chaneli ya kijana huyo, asije akapitwa na wakati.