Isipokuwa Nini?

Mwongozo wa kwanza wa Unix ulitoka Novemba 1971, na tangu enzi hizo nukta ikianza mstari ni amri. Ukiandika .SH unapata kichwa cha sehemu, ukiandika .B neno linanenepa. Ukiandika kisichojulikana, mstari mzima unamezwa, mara nyingi kimyakimya.

Kijana wa ofisini kwetu hakuwa na habari. Katika ukurasa wa mwongozo wa programu yetu aliandika: "Futa kila faili isipokuwa", mstari ukamwishia, akashuka chini akaendelea: ".akiba, kisha anza upya." Mteja alichokiona ni "Futa kila faili isipokuwa", basi. Akapiga simu.

"Kaka, isipokuwa nini?"

"Kwani umeshafuta?"

"Vyote. Sikutaka kukosea."

Dawa ilikuwa kutanguliza \& mbele ya nukta. Msomaji haioni, ila nukta inatulia.

Kistari nacho kina vituko vyake. Ukikiandika hivihivi, groff, programu inayopanga kurasa hizi, inaweza kukigeuza kistari cha kuunganisha maneno, wakati programu inasubiri alama ya kutoa, inayoandikwa \-. Kwa macho ni mapacha. Kwa kompyuta hata ukoo mmoja hawana. Mteja ananakili amri, anabandika, anaambiwa chaguo hilo halipo, nalo analitazama pale pale kwenye mwongozo! Ukimweleza fundi, anajaribu kwenye mashine yake ya Debian, ambako kistari kimesharekebishwa kimyakimya, anakujibu, "Mbona kwangu inakubali?" Jibu hili nimelisikia kuliko salamu.

Halafu kuna unene wa herufi. Kinachoandikwa kama kilivyo huwekwa herufi nzito. Unachopaswa kubadilisha mwenyewe huwekwa mlazo, ambao kwenye terminali nyingi huonekana kama mstari chini ya neno. Kijana wetu alinenepesha vyote, eti ukurasa upendeze. Nasikia kuna mhasibu mmoja ambaye hesabu zake za mwaka mzima zimo ndani ya faili liitwalo jina_la_faili.

Bosi alipoupitia ukurasa hakugusa hata kimoja kati ya hivyo. Alikwama kwenye sehemu ya Kasoro, ambayo kwa desturi za Unix ni mahali pa kutaja waziwazi yaliyoharibika. "Hii itoeni, wateja wataogopa." Tukaitoa. Sasa wateja wanatusomea wenyewe kwa simu, na wana kumbukumbu nzuri kuliko ya kijana.