Kwa Shangazi Stika

*Shikamoo Shangazi. Nikitoka nyumbani kwangu Kimara nimegonga nguzo ya geti. Bampa limeng'oka, taa ya kulia imekufa. Kwenye bima wananiambia sina changu, na stika ipo kiooni! Niliyedhulumiwa, Kimara*

Marahaba mwanangu. Ulikata bima ndogo, shilingi 118,000 pamoja na VAT, ukatoka pale kifua mbele kwamba sasa trafiki hakupati. Kweli hakupati. Lakini bima ile ni ya mtu wa tatu: inamlipa utakayemgonga. Sasa gari lako, nguzo yako, na uliyeshika usukani ni wewe. Huyo mtu wa tatu tumtoe wapi? Anayetengenezewa gari lake mwenyewe ni mwenye bima kubwa, aliyelipa kwa kadiri ya thamani ya gari. Wewe nenda Ilala ukatafute bampa la mtumba. Ukikutana huko na kioo chako cha pembeni kilichoibiwa, nisalimie.

*Shangazi, hali ni tete. Jumamosi nilimuaga mama watoto naenda Morogoro kwenye msiba wa mjomba. Saa mbili usiku daladala ikanigonga Sinza Afrika Sana, nikiwa na mwenzangu. Bima kubwa ninayo. Fomu ya madai inauliza ajali ilitokea wapi, saa ngapi, nilitoka wapi kwenda wapi, na nani alikuwemo garini. Niandike Morogoro? Mfiwa, Tabata*

Pole kwa msiba. Natumaini marehemu anaendelea vizuri.

Tuanze na yaliyokwisha kuandikwa, maana hayo huwezi kuyafuta. Trafiki alifika, akapima barabara, akachora mchoro wa ajali: daladala ilitokea huku, wewe ulikuwa huku, vioo vimemwagika hapa. Juu ya ripoti ameandika Sinza. Mwenzako, unasema mwenyewe kwenye ukurasa wa pili wa barua yako, alichubuka goti akapewa fomu ya polisi ya PF3 kwenda kutibiwa. Kwa hiyo jina lake kamili liko kituoni, pengine kwa mwandiko mzuri kuliko wa cheti chako cha ndoa. Ripoti ya polisi na fomu yako zitawekwa meza moja, mbele ya mtu anayelipwa mshahara kuona palipotofautiana.

Kinachoniuma ni kwamba wewe ndiye uliyegongwa! Madai yako ni safi. Kampuni yako ikutengenezee gari, kisha ihangaike na bima ya daladala kurudisha fedha zake. Ukiandika Morogoro umeipa sababu ya kukataa, maana uongo kwenye fomu ya madai unatosha kuyaua madai yote. Utabaki na gari bovu na mjomba aliyekufa bure.

Andika Sinza. Andika saa mbili usiku. Ambatanisha nakala ya leseni, kadi ya gari na picha za gari kabla fundi hajaligusa, na usilipeleke gereji ya shemeji yako mpaka mkadiriaji wa hasara alione. Namba ya daladala unayo? Basi hakiki stika yake kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, maana kuna stika zinazong'aa kiooni na kwenye mfumo hazimo. Kuhusu mama watoto, bima ya hilo haijaanza kuuzwa. Mwambie wewe kabla mkadiriaji hajapiga simu ya nyumbani kuuliza goti la shemeji linaendeleaje.

*Shangazi, nimegongwa nyuma pale Mwenge. Mzee wa watu, kanzu safi, akaniomba tuyamalize kiutu uzima. Akanipa elfu hamsini, nikasaini karatasi kwamba sina madai tena. Fundi anasema chesisi imepinda. Mpole, Kijitonyama*

Yeye ya kwake kayamaliza. Hata kama una bima kubwa, kampuni itauliza: tumdai nani, iwapo mwenyewe umekwishamsamehe kwa saini? Peleka taarifa leo hata hivyo, na karatasi hiyo usiifiche. Safari nyingine ukiona kanzu safi, ita trafiki.

*Shangazi, tangu kabla ya Ramadhani kampuni inaniambia njoo wiki ijayo. Nimechoka nauli. Msubiri, Mbagala*

Acha kwenda kwa mdomo. Andika barua, peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Wakinyamaza, ichukue hiyo yenye muhuri uende Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya watu kama wewe. Siku wakikuita kulipwa, usisaini hati ya kukubali malipo kabla ya kusoma kiasi. Na ukikuta wamekata sehemu unayotakiwa kujibebea mwenyewe, usinipigie mimi simu. Imo kwenye mkataba, ukurasa ule uliofungia vitumbua.