Kilo za Mjomba

Mizani ya saa haina siri. Unaitundika kwenye tawi nene la mkorosho, vijana wawili wanainua gunia, ndoano inashika, mshale unazunguka, kisha ubishi unaanza. Aliyesimama kulia anasoma 79. Aliyesimama kushoto anasoma 81. Mwenye mali anasoma 82 na yuko tayari kuapa, na mwenye kununua anapatwa na kikohozi cha ghafla. Mwishowe mnaafikiana 80, mnapeana mikono, na kila mtu anakwenda kwake akiamini amemwibia mwenzake kidogo.

Hivyo ndivyo alivyopima mjomba wangu wa Newala miaka yote niliyomjua. Mizani yake ilikuwa na kioo kilichopasuka na springi ambayo umri wake hakuna aliyethubutu kuutaja. Springi iliyochoka huvutika zaidi ya inavyostahili, na ikivutika zaidi, mshale hukimbia mbele. Kwa mpimaji anayeuza, hiyo si kasoro, ni sadaka.

Kilichomponza ni bei. Msimu wa 2024 ulipofunguliwa, minada ya korosho ilikuwa imeanza kuendeshwa kwa mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, na bei za mwanzo zikapita shilingi 4,000 kwa kilo. Mjomba aliyesimulia mara kwa mara ile 3,300 ya serikali ya mwaka 2018, mwaka wa malori ya jeshi kuja kubeba korosho na maswali ya uhakiki ya “shamba lako liko wapi na mikorosho mingapi”, alisikia bei hiyo akakaa chini.

“Mpwa wangu,” akaniambia, “kwa bei hii nusu kilo ni soda tatu. Mshale unanipotezea soda.”

Zaidi ya hayo, chama cha msingi cha ushirika kilikuwa na mizani ya kidijitali, yenye tarakimu nyekundu zinazowaka, na mjomba hakutaka kwenda kusomewa uzito wa mali yake kama mwanafunzi anayesomewa matokeo. Alitaka afike pale akiwa na kilo zake mkononi, zimeandikwa kwa kalamu. Basi tukateremka Masasi mjini, chini ya yale majabali, tukanunua mizani ya jukwaa yenye betri kwa muuza duka ambaye maelezo yake yote yalikuwa maneno mawili: “Inapima, mzee.” Tukapanda nayo uwanda wa Makonde ikiwa imefungwa kanga mbili na kupakatwa kama bibi harusi.

Kijijini ilipokelewa kwa heshima zote. Kwanza ilizua mjadala wa kisayansi. Mwalimu mmoja mstaafu alisema kwamba kadiri unavyopanda juu ndivyo mvutano wa dunia unavyopungua, kwa hiyo mizani iliyorekebishwa Masasi itapunja watu wa Newala. Alichosema ni kweli, isipokuwa tofauti yenyewe ni gramu chache kwa gunia zima. Lakini neno “kupunja” lilishasikika, na mjomba akatangaza kwamba atakayepunjwa si yeye.

Gunia la kwanza likawekwa. Tarakimu zikachezacheza, zikatulia: 176.

Kimya. Gunia lile vijana wawili walikuwa wamelinyanyua bila hata kuguna. Lakini pale kwenye kioo palikuwa na 176, na mashine haina ndugu wala jirani wa kumpendelea. Likaja la pili: 174. La tatu: 177. Nilitarajia mjomba aitilie shaka mizani mpya. Badala yake aligeuka polepole akaitazama ile ya zamani, iliyokuwa bado inaning'inia mkoroshoni, kwa jicho ambalo mtu humtazamia mkwe aliyegundulika.

“Miaka yote hii,” akasema. “Miaka yote hii ulikuwa unaniibia.”

Mizani ya saa ikang'olewa siku ileile, ikatupwa kwenye banda la kuku. Mjomba akachukua daftari. Magunia kumi kwa kilo mia na sabini na kitu, mara shilingi elfu nne, jumla inapita milioni saba. Kabla ya jua kuzama alikuwa ameshachagua rangi ya bati, amemwahidi mtoto wa dada yake mwingine ada ya chuo, na ametwaa mbuzi kwa mkopo. Pembeni mwa tarakimu kulikuwa na herufi mbili ndogo, lb. Binamu yangu wa darasa la sita alipoulizwa maana yake alijibu bila kusita kwamba ni kifupi cha “labda”. Hakuna aliyemsikiliza, na hadi leo naona ndiye peke yake aliyekaribia ukweli.

Aliyetuokoa ni mkaza mjomba. Majirani walikuwa wameanza kujipima wenyewe, kama inavyokuwa popote penye mizani na watu wasio na haraka, naye akapanda jukwaani akiwa na kanga yake moja na mwili wake mwembamba wa siku zote. Mizani ikasema 121.

Alishuka. Akapanda tena taratibu, kwa vidole, maana labda kisigino kilizidisha. 121. Akamwita mumewe kwa sauti ambayo sisi wageni tuliinuka nayo kwenda kutafuta shughuli nyingine.

“Baba watoto, kadi yangu ya zahanati ya juzi inasema 55. Au mashine yako ni kichaa, au nina mimba ya gari.”

Ndipo yule mwalimu mstaafu alipovaa miwani. Kilo moja ni pauni 2.2. Kidole cha mtu fulani, njiani au dukani, kilikuwa kimebonyeza kitufe cha kubadilisha kipimo. Akabonyeza tena: mkaza mjomba akarudi 55, magunia yakarudi 79 na 80, na milioni saba ikarudi ilikotoka. Bati liliahirishwa. Mbuzi hakuahirishwa, alikuwa ameshaliwa.

Ungedhani mambo yangeishia hapo. Lakini mtu aliyezoea kusoma nusu kilo akipewa mizani inayosoma gramu hamsini hugeuka mpelelezi. Mjomba alianza kupima korosho zake asubuhi na jioni. Korosho mbichi kutoka shambani zina maji. Unazianika juani siku mbili tatu ili unyevu ushuke hadi asilimia 10 au chini yake, vinginevyo ghala litazikataa. Maji yakiondoka, uzito unaondoka nayo. Korosho zenye unyevu wa asilimia 16 zikishuka hadi 10, kilo 80 zinabaki chini ya 75. Mizani ya zamani ilizificha kilo hizo ndani ya ubishi wa watu. Hii mpya ilizianika hadharani, na mjomba akahitimisha kwamba ndani ya nyumba mna kangomba.

Kwa wasiotoka kusini: kangomba ni ule ununuzi wa kificho, bakuli kwa bakuli, kwa bei ya njaa, kabla mkulima hajafika chamani. Ni tuhuma nzito. Tulitazamwa mifukoni. Binamu wa “labda” alipimwa kabla ya kuingia ghala la mjomba na baada ya kutoka. Hata kuku walishukiwa. Mwishowe bwana shamba aliyekuwa akipita na pikipiki alieleza habari ya unyevu, na mjomba akamsikiliza kwa adabu, kisha akalala mlangoni mwa ghala vilevile.

Chamani alifika na kilo zake mkononi, zimeandikwa kwa kalamu. Mizani ya chama ikasoma sawasawa na ya kwake, gunia kwa gunia. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha namna ile, mpaka karani alipotoa kilo moja kwa kila gunia.

“Hiyo ya nini?”

“Gunia lenyewe, mzee. Shikamoo. Hatununui katani.”

Mjomba alikuwa amepima korosho pamoja na gunia tangu Adamu, na springi iliyochoka ilikuwa ikimfidia bila yeye kujua. Alirudi nyumbani, akaitoa mizani ya saa kwenye banda la kuku, akaifuta, akaitundika tena. Siku hizi hupima kwa zote mbili: ya umeme kwa ajili ya chama, ya mshale kwa ajili ya roho yake.

Nawe unayejiandaa kununua ya betri msimu ujao, mwombe muuzaji apime kitu unachokijua uzito wake mbele ya macho yako, hakikisha pembeni pameandikwa kg, pima gunia likiwa tupu kwanza, na kama utauzia watu kwa mizani hiyo, isiwe bila stika ya Wakala wa Vipimo. Mbuzi usimchinje kabla ya hapo.